Mwongozo kamili: Vitu vya kubeba unapokwenda shabaha na mawindoni na gobore

Msimu wa mawindo unapokaribia huku Marekani, maswali yanayonifikia ni yale yale. Fataki (kikombe kidogo cha chuma kinacholipuka kikigongwa na kuwasha baruti) imelia, gobore halikuitika. Gololi imekwama nusu ya mtutu. Mlio wa kwanza umemjeruhi kulungu, lakini kushindilia mara ya pili kumechukua muda mrefu hadi mnyama akapotelea msituni. Ukifuatilia, gobore lenyewe huwa zima. Kasoro iko mkobani: kimekosekana kitu kidogo, au kipo lakini kimefukiwa chini ya vitu visivyo na kazi.

Mwongozo huu unahusu gobore la mtindo wa zamani, kaliba .50 (upana wa mtutu milimita 12.7), la fataki au la gumegume (linalowashwa na cheche za jiwe likigonga chuma), linalorusha gololi iliyovikwa kitambaa. Ndilo wengi wanaloanzia kuwinda kulungu mkia-mweupe katika majimbo kama Pennsylvania, Ohio na Kentucky. Wenye magobore ya kisasa ya praima namba 209 (kiwashio cha kisasa kinachochukua nafasi ya fataki) nimewawekea sehemu yao fupi, kwa kuwa kazi yao ni nyepesi zaidi.

Mnaosoma mkiwa nyumbani: Kenya imepiga marufuku uwindaji tangu 1977. Tanzania gobore ni silaha yenye kuhitaji leseni, na kuwinda kunahitaji kibali chake. Bila karatasi hizo usiingie porini.

## Vifaa vinavyohitajika

Mkoba wa mawindo (wa begani)

- Chupa au pembe ndogo ya baruti, yenye kizibo kinachobana
- Kipimo cha baruti cha shaba
- Gololi chache na vitambaa vyake vilivyokwisha pakwa mafuta
- Kibao cha gololi: kipande cha ubao chenye matundu, kila tundu na gololi yake iliyovikwa kitambaa tayari
- Kianzishio: kijiti kifupi chenye kichwa cha mviringo, cha kuisukumia gololi ndani ya mdomo wa mtutu
- Kwa gobore la fataki: fataki (nyingi ni namba 11), ufunguo wa kifa (kijibomba kidogo ambacho fataki huvishwa juu yake) na kifa cha akiba
- Kwa gumegume: mawe mawili ya akiba, vipande vya ngozi vya kuyashikia, bisibisi, na kichupa cha baruti laini ya kisahani (kijisahani kando ya mtutu kinachopokea cheche)
- Sindano ya kuzibulia kifa au tundu la moto (la gumegume, linalopitisha moto kuingia mtutuni), na brashi ndogo
- Vichwa vya mdeki (fimbo ya kushindilia): parafujo ya kung'olea gololi, kinasa kitambaa, na kichwa cha kufutia
- Vitambaa vikavu ndani ya mfuko wa plastiki
- Miwani ya kukinga macho

Mwilini na begi la mgongoni

Leseni na lebo ya mnyama (hujazwa na kufungwa kwenye mnyama uliyemwua), penseli, fulana ya rangi ya machungwa inayong'aa, dira, tochi ya kichwani, filimbi, kamba, kisu cha kuchunia, glavu za mpira, maji na chakula. Usibebe wino: kwenye baridi kali kalamu hugoma, penseli huandika.

Kasha la uwanja wa shabaha

Kopo la baruti lenye kufungika, vizibo vya masikio, maji ya sabuni, vitambaa vingi vya kufutia, mdeki wa chuma au wa nyuzi za kioo, kifaa cha gesi cha kusukumia gololi iliyokwama, karatasi za shabaha na daftari.

## Hatua ya 1: Soma kanuni za jimbo kabla ya kununua chochote

Kila jimbo la Marekani lina kanuni zake, na kanuni ndizo zinazoamua mkoba ubebe nini. Pennsylvania ina msimu baada ya Krismasi ambao ni wa magobore ya gumegume peke yake. Ukienda na la fataki umevunja sheria hata kama kila kitu kingine kimekamilika. Colorado, katika msimu wake wa magobore, hairuhusu baruti ya vidonge, risasi za saboti (zilizovikwa kikombe cha plastiki) wala darubini juu ya bunduki. Mtu aliyenunua vitu hivyo kwa sababu rafiki yake wa jimbo jingine anavitumia, pesa imekwenda.

Angalia pia lini gobore huhesabiwa kuwa "tupu" kisheria ukiwa ndani ya gari. Kwingi inatosha kuondoa fataki au kumwaga baruti ya kisahani, lakini usikisie. Soma kijitabu cha jimbo lako cha mwaka huu.

Onyo: Baruti nyeusi na fataki haziruhusiwi kwenye ndege za Marekani, iwe mkononi au kwenye mizigo. Anayesafiri kwenda kuwinda jimbo jingine kwa ndege anunulie huko huko.

Umefaulu ikiwa: una cheti cha mafunzo ya uwindaji, leseni yenye jina lako, na unaweza kutaja bila kusita kaliba, aina ya mwasho na aina ya risasi zinazoruhusiwa siku utakayotoka.

## Hatua ya 2: Tenganisha kasha la shabaha na mkoba wa mawindo

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanakuwa na begi moja, wanalijaza, na siku ya mawindo wanalibeba zima zima msituni. Likigongagonga, kulungu anasikia. Wakihitaji fataki, wanachokoa kati ya chupa za sabuni.

Kwenye uwanja wa shabaha unapiga mara nyingi, unafuta mtutu kila baada ya mlio, una meza mbele yako. Chukua kila kitu. Mawindoni utapiga mara moja, pengine mbili. Unahitaji milio mitatu hadi mitano ya baruti na gololi, vifaa vya kuokolea gobore likigoma, basi.

Umefaulu ikiwa: ukiuvaa mkoba na kurukaruka mahali ulipo, husikii chuma kikigongana na chuma.

## Hatua ya 3: Baruti sahihi, kipimo sahihi

Tumia baruti nyeusi au mbadala wake uliotengenezwa kwa ajili ya magobore, kama Pyrodex au Triple Seven. Ukubwa wa chembe huandikwa kwenye kopo: 2F ni nene, 3F ni ndogo zaidi, 4F ni laini kabisa, ya kisahani cha gumegume. Kwa kaliba .50, 2F na 3F zote hutumika. Mwenye gumegume abaki na baruti nyeusi halisi, kwa kuwa mbadala kama Pyrodex unahitaji joto kubwa zaidi kuwaka, na cheche za jiwe hazitoshi.

Onyo kubwa kuliko yote humu: usitie baruti isiyo na moshi, ile ya risasi za kisasa, ndani ya gobore. Hata kidogo, hata iliyochanganywa. Mgandamizo wake hupasua mtutu, na mtutu uko sentimita chache tu kutoka usoni kwako na mkono unaoushikilia.

Baruti ya gobore hupimwa kwa ujazo, kwa kipimo kinachoitwa greini. Greini 70 za baruti nyeusi ni kama gramu 4.5. Kwa kaliba .50 wengi hutumia greini 50 hadi 60 kwa shabaha na 70 hadi 90 kwa kulungu, lakini kikomo ni kile kilichoandikwa na mtengenezaji wa gobore lako. Anzia chini, panda greini tano tano, na uandike daftarini ni kipimo gani kinachozikusanya gololi zako mahali pamoja. Kipimo hicho ndicho kitakachokwenda mawindoni.

Usimimine baruti moja kwa moja kutoka kwenye pembe kuingia mtutuni. Kitambaa cha mlio uliopita huweza kuacha kaa linalofuka chini kabisa ya mtutu. Likishika baruti ya kipimo kimoja, utaungua vidole. Likipanda hadi kwenye pembe iliyojaa, umeshika bomu. Mimina kwenye kipimo, funga pembe, irudishe nyuma yako, ndipo umimine mtutuni.

## Hatua ya 4: Gololi, vitambaa na mafuta

Gololi ya kaliba .50 haina upana wa .50. Kwa kawaida ni .490 (milimita 12.4), na pengo linalobaki hujazwa na kitambaa cha pamba chenye unene wa inchi .010 hadi .015. Kitambaa ndicho kinachoshika mikato ya ndani ya mtutu na kuizungusha gololi. Kikiwa chembamba mno, moto hupita pembeni. Kikiwa kinene mno, utapigana na mdeki.

Namna ya kujua ni rahisi, na wengi hawaifanyi: baada ya kupiga shabaha, tembea mita chache mbele ukaokote vitambaa vyako. Kitambaa kizuri kimekunjuka kama ua, katikati kina doa jeusi la mviringo, kingo zimechanika kidogo lakini ni kizima. Kikiwa na tundu lililoungua, ongeza unene au mafuta. Kikiwa kimekatika mistari, mikato ya mtutu ina ncha kali au mdomo wa mtutu una kasoro. Hakikisha pia hakifuki moshi kwenye nyasi kavu.

Kwa mafuta, mchanganyiko wa nta ya nyuki na mafuta ya mnyama unafaa sana. Epuka mafuta ya mashine ya petroli: yakichanganyika na masizi ya baruti nyeusi hugeuka lami ndani ya mtutu. Kwenye baridi ya Desemba na Januari, mafuta yenye nta nyingi hukauka yakawa magumu, kwa hiyo kibao cha gololi kiweke mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili.

Gololi ni madini ya risasi, na risasi ni sumu. Nawa mikono kabla ya kula, na usiziweke mdomoni kama wanavyofanya wengine.

## Hatua ya 5: Tia alama mbili kwenye mdeki

Hiki ni kitu kidogo kinachookoa mikono na macho. Gobore likiwa tupu, ingiza mdeki hadi mwisho, chora mstari unaozunguka mahali unapokutana na mdomo wa mtutu. Kisha shindilia kipimo chako cha mawindo pamoja na gololi, chora mstari wa pili.

Sasa mdeki unasema ukweli wakati wowote. Ukizama hadi mstari wa kwanza, gobore ni tupu. Ukiishia mstari wa pili, limeshindiliwa sawasawa. Ukisimama juu ya mstari wa pili, gololi haijafika kwenye baruti, na hapo usifyatue: nafasi ya hewa kati ya baruti na gololi inaweza kuuvimbisha au kuupasua mtutu.

Unaposhindilia, shika mdeki kiasi cha shubiri moja tu juu ya mdomo wa mtutu na usukume kwa vipande vifupi vifupi. Anayeushika juu kabisa na kusukuma kwa nguvu zote huuvunja, na ncha ya mti uliovunjika hupenya kiganja. Gololi ikifika, bana kwa uthabiti. Huna haja ya kuitwanga.

## Hatua ya 6: Panga mkoba kwa mfuatano wa mikono

Mfuatano wa kushindilia haubadiliki: baruti, gololi, mdeki, fataki. Mkoba nao ufuate hivyo. Kipimo cha baruti kining'inie kwa kamba kwenye mkanda, upande wa mkono unaomiminia. Kibao cha gololi na kianzishio vikae pamoja. Fataki ziwe peke yake, mbali na baruti, kwenye mfuko wa kifuani au ndani ya kifaa cha kuvishia kinachotoa moja moja. Vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi haviwezi kuokota fataki kutoka kwenye kibati.

Vifaa vya uokozi, yaani sindano, ufunguo wa kifa na parafujo, viweke kwenye kifuko kimoja cha ngozi ndani ya mkoba. Sindano peke yake ifunge kwa uzi nje, kwa sababu utaitumia mara kwa mara.

Kisha fanya zoezi: ukiwa nyumbani, gobore tupu, bila baruti wala fataki, fumba macho na upitie mfuatano wote. Kila mara mkono unapopapasa ukakosa, hamisha kitu hicho.

Umefaulu ikiwa: uwanjani unaweza kushindilia mara ya pili bila kuangalia ndani ya mkoba. Aliyezoea huchukua chini ya dakika moja bila pupa.

## Hatua ya 7: Asubuhi ya mawindo

Mtutu uliohifadhiwa una mafuta, na mafuta ndiyo chanzo kikubwa cha mlio wa kwanza kukataa. Futa mtutu kwa kitambaa chenye spiriti, kisha kikavu, hadi kitoke safi.

Kwa gobore la fataki: bila baruti ndani, visha fataki, elekeza mdomo wa mtutu kwenye jani au majani makavu ya ardhini, karibu kabisa, kisha fyatua. Jani likiruka, njia ya moto iko wazi. Lisipotikisika, kuna mafuta au uchafu. Chomeka sindano, rudia. Usishindilie chochote mpaka jani liruke.

Kwa gumegume: hakikisha jiwe limebanwa na ngozi, makali yake yanakutana na chuma kwa upana wote, na cheche zinaangukia katikati ya kisahani. Baruti ya kisahani isizidi nusu ya ujazo wake, na isilifunike tundu la moto. Ikilifunika inawaka taratibu kama utambi, nawe unataka mwako wake uruke papo hapo.

Miwani ivaliwe tangu sasa. Vipande vya fataki na vya jiwe hurukia upande wa jicho.

## Hatua ya 8: Kuzuia unyevu

Mvua na theluji vinaingia kwa njia mbili: mdomoni na kwenye mwasho. Mdomo wa mtutu ufunike kwa mpira wa puto au kipande cha utepe. Kikipigwa hupasuka bila madhara. Gumegume livishwe kifuniko cha ngozi iliyopakwa nta juu ya mtambo mzima, na kingo za kisahani zipakwe nta kidogo. Badilisha baruti ya kisahani kila baada ya muda hata kama inaonekana kavu, kwani hunyonya unyevu wa hewani.

Jambo jingine ambalo wageni wa baridi hatukulizoea kwetu: usiliingize gobore lililoshindiliwa ndani ya chumba chenye moto. Chuma baridi kikikutana na hewa ya joto hutoa jasho, nje na ndani ya mtutu, na baruti hulowa. Liache penye baridi, mahali palipofungwa, limeondolewa fataki.

## Hatua ya 9: Gobore likigoma

Fataki imelia au jiwe limewasha, kimya. Usishushe. Endelea kuelekeza mtutu mahali salama kwa dakika nzima, kwa sababu baruti huweza kuchelewa kuwaka. Baada ya hapo:

1. Zibua kifa au tundu la moto kwa sindano, weka fataki au baruti mpya ya kisahani, jaribu tena.
2. Ikikataa, ingiza mdeki uangalie alama, huku mwili na uso viko pembeni ya mdomo wa mtutu. Pengine ulishindilia gololi bila baruti. Hutokea kwa kila mtu anayezungumza huku akishindilia.
3. Kwa fataki, fungua kifa kwa ufunguo, penyeza chembe chache za baruti chini yake, kifunge. Kwa gumegume, penyeza 4F kwenye tundu la moto kwa sindano. Sukuma gololi kwa mdeki hadi ikae chini kabisa, uondoe mdeki, kisha fyatua mahali salama.
4. Ikishindikana kabisa, mimina maji kwenye kifa au tundu la moto hadi baruti ilowe kabisa, ndipo ung'oe gololi kwa parafujo. Usiichomeke parafujo juu ya baruti kavu.

Kifaa cha gesi cha kwenye kasha hufanya kazi hiyo haraka zaidi, lakini gololi hutoka kwa kasi. Kichukulie kama mlio.

## Hatua ya 10: Baada ya mlio

Moshi utakuziba. Chutama haraka uchungulie chini yake, uone mnyama ameelekea wapi, na ushike alama ya mti au jiwe. Halafu shindilia tena kabla ya kupiga hatua hata moja. Anayekimbilia damu na gobore tupu ndiye anayesimama mbele ya kulungu aliyeinuka bila la kufanya.

Umbali nao uuheshimu. Gololi hupoteza kasi upesi. Mita 70 ni mpaka mzuri kwa aliyefanya mazoezi, na pungufu ya hapo kwa anayeanza. Mnyama hastahili kuteseka kwa sababu tulitaka kujaribu.

## Wenye magobore ya kisasa ya praima 209

Mkoba wenu ni mdogo: vichupa vitatu vilivyokwisha jazwa baruti na risasi, praima, ufunguo wa plagi ya nyuma (kizibo cha mwisho wa mtutu), vitambaa vya kufutia. Baruti ya vidonge isikatwe vipande. Alama za mdeki, dakika moja ya kungoja na onyo la baruti isiyo na moshi vinawahusu vile vile, isipokuwa mtengenezaji ameandika wazi kwamba modeli yenu imeundwa kwa baruti hiyo.

## Hatua ya 11: Jioni ile ile

Masizi ya baruti nyeusi hunyonya maji kutoka hewani, na kutu huanza usiku huo huo. Fyatua au ondoa kilichomo, ng'oa kifa, osha mtutu kwa maji ya moto yenye sabuni hadi kitambaa kitoke cheupe, kausha, pakaa mafuta. Kesho yake pitisha kitambaa kingine kikavu. Kikitoka na rangi ya kahawia, rudia kuosha.

Mkoba nao umwage wote mezani. Kausha ngozi mbali na moto, hesabu gololi na fataki, noa au badilisha jiwe, rudisha kila kitu mahali pake. Baruti irudi kwenye kopo lake lenye lebo, ikafungiwe mbali na watoto na mbali na jiko. Fataki zihifadhiwe kabati tofauti.